Msitu Umekatwa au Umepukutika? Kutafuta hitilafu kwenye ramani za uoto zinazotokana na setilaiti

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka ramani kwenye kijiji kimoja wilayani Kilwa. Ilikuwa na mabaka mekundu karibu robo ya msitu wa kijiji, na kila baka nililiandika "eneo lililofyekwa". Kikao kilikaa chini ya mwembe. Nikaamkia, nikatandaza karatasi, nikaanza kueleza. Mzee mmoja wa kamati ya maliasili akainua mkono.

"Mwanangu, picha hii ilipigwa mwezi gani?"

"Septemba, mzee."

"Na ile ya mwanzo?"

"Mei."

Akawatazama wenzake, kicheko kikaanza. "Basi hapo hujaona shoka. Umeona kiangazi."

Nilikuwa nimelinganisha miombo iliyotoka kunywa maji ya masika na miombo iliyopukutisha majani, kisha nikataka watu wajieleze kwa kosa ambalo hawakulitenda. Tangu siku ile mwenye shoka kwangu ni mtuhumiwa wa mwisho. Naanza kulihoji faili, halafu kalenda, halafu maji, mawingu na vilima. Akibaki yeye peke yake, ndipo namtaja.

Haya ni matatizo ninayokutana nayo mara nyingi kwenye picha za Tanzania zinazopigwa na setilaiti za Landsat na Sentinel-2, kwa mpangilio ninaoyapima mwenyewe: ya dakika tano kwanza, ya wiki nzima baadaye.

Dalili: kijani kimeporomoka kila mahali kwa siku moja

Mchoro wa NDVI, yaani kile kielezo cha ukijani wa uoto, unakwenda vizuri kwa miaka, kisha unashuka ngazi moja na kubaki chini. Umeshuka msituni, shambani, hata kwenye kiwanja cha mpira.

Hakuna anayeweza kufyeka nchi nzima kwa siku moja. Hilo ni tatizo la namba. Tangu tarehe 25 Januari 2022 picha mpya za Sentinel-2 huongezewa 1000 kwenye kila thamani ya pikseli, yaani kila mraba mdogo unaounda picha, ili sehemu zenye giza sana zisikatwe zikiangukia chini ya sifuri. Asiyejua anagawanya kwa 10,000 kama zamani na kuendelea na safari. Chukua pikseli ya msitu yenye 3000 kwenye bendi ya infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, na 400 kwenye bendi nyekundu: NDVI ni 2600 kugawanya kwa 3400, karibu 0.76. Ongeza 1000 kwenye kila bendi, inakuwa 2600 kugawanya kwa 5400, yaani 0.48. Mti ni uleule, kijani kimepungua zaidi ya theluthi moja. Nimewahi kusoma ripoti iliyoeleza mporomoko wa aina hiyo wa mwaka 2022 kwa kupanda kwa bei ya gesi ya kupikia na watu kurudi kwenye mkaa. Hoja ilikuwa nzuri sana. Tatizo ni kwamba hata bahari ilikuwa imebadilika.

Tiba ni kutoa 1000 kabla ya kugawanya. Usitegemee tarehe ya picha peke yake, kwa sababu picha nyingi za zamani zimechakatwa upya kwa utaratibu mpya. Tazama jina la faili: ukikuta N0400 au namba kubwa zaidi ya hiyo, toa. Ukikuta N0301, acha kama lilivyo. Wanaotumia Google Earth Engine, jukwaa la kuchakata picha mtandaoni, wachague ule mkusanyo ambao tayari umesawazishwa, neno HARMONIZED limo kwenye jina lake.

Landsat nayo ina mtego wa namna hiyo. Kwenye Kolekisheni ya 2, yaani toleo la pili la picha zake, uakisi (kiasi cha mwanga unaorudishwa na ardhi) hupatikana kwa kuzidisha namba ya pikseli kwa 0.0000275, kisha kutoa 0.2. Kolekisheni ya 1 ilikuwa kuzidisha kwa 0.0001 tu. Ukikokotoa NDVI moja kwa moja kutoka namba ghafi za Kolekisheni ya 2, pikseli yetu ileile ya 0.76 itakupa kama 0.35, na msitu wa mvua utasomeka kama kichaka cha Dodoma.

Dalili: mpaka wa kijiji umeangukia mtoni

Mpaka ukisogea kwa takriban mita 300, hasa upande wa kaskazini na kusini, usiulize mara mbili: ni datamu, yaani kielelezo cha umbo la dunia ambacho vipimo vya ramani vimeegemezwa. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa Arc 1960, na setilaiti zinatumia WGS 84. Mita 300 ni pikseli kumi za Landsat, zinatosha kabisa kuhamisha shamba la mtu na kuliweka ndani ya hifadhi. Mipaka mingi ya misitu iliyochorwa upya kutoka ramani hizo inazunguka kwenye kompyuta za watu bila maelezo ya datamu, kwa hiyo jaribu Arc 1960 kabla ya kuanza kusogeza mistari kwa mkono.

Ukisogea mamia ya kilomita, ni zoni, yaani kanda za UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita. Mstari wa longitudo ya nyuzi 36 mashariki unaitenga zoni ya 36 na ya 37. Mji wa Dodoma upo upande wa 36, Kongwa na Morogoro zipo 37. Anayefanya kazi mkoa wa Dodoma lazima akutane nalo siku moja.

Na ukiona namba hasi za mahali, usishtuke. Picha za Landsat hutolewa kwa UTM ya kaskazini hata kwa nchi zilizo kusini mwa ikweta, ndiyo maana Dar es Salaam inaweza kusomeka -750,000 hivi wakati kwenye Sentinel-2 ni 9,250,000 hivi. Programu ya ramani kama QGIS inalielewa hilo yenyewe. Skripti uliyoiandika usiku wa manane huenda isilielewe.

Dalili: msitu unakufa Agosti na kufufuka Desemba

Hapa ndipo nilipoaibika Kilwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sehemu kubwa mno ya misitu ya Tanzania ni misitu ya wazi, na miombo ndiyo inayotawala. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, ilikadiria hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania Bara, zaidi ya nusu ya ardhi yote. Kwa hiyo mtu anayetumia mbinu zilizobuniwa kwa msitu wa Amazon, ambao ni kijani mwaka mzima, anakuja nazo mahali ambapo miti huvua majani kila mwaka kwa ratiba yake.

Ratiba yenyewe ni hii. Majani huanza kupungua Julai, na kufikia Septemba maeneo mengi yamebaki matawi. Kisha, kabla hata tone la mvua halijaanguka, miombo huchipua. Majani machanga hutoka mekundu, ya rangi ya shaba, na mtu aliyepita barabara ya Morogoro kwenda Iringa mwezi wa kumi anayajua. Macho yanaona msitu umevaa vizuri, lakini NDVI inapima ukijani, na jani jekundu halina ukijani wa kutosha. Setilaiti inasema hakuna kitu. Wiki chache baadaye kila kitu ni kijani, na mtu anaandika kwamba msitu "umerejea kwa kasi".

Juu ya hilo weka moto. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi chini ya miombo huungua, mara nyingi bila mti mkubwa kufa. Ardhi nyeusi inavuta chini kila kielezo, hasa NBR, kielezo cha maeneo yaliyoungua, kinachotumia infraredi ya mawimbi mafupi, na baka la moto lina kingo kali zinazofanana kabisa na za shamba jipya.

Namna ya kutofautisha:

Linganisha mwezi na mwezi ule ule. Mimi nachukua Mei na Juni, mwisho wa mvua. Wakati huo nyasi zimeanza kukauka na miti bado ni kijani, kwa hiyo mti unajitenga na nyasi wenyewe, tena mawingu yamepungua na moto haujashika kasi. Kwa mikoa ya pwani yenye vuli na masika tazama kwanza mvua za mwaka husika, maana masika yakichelewa kuisha dirisha hilo linasogea.

Kisha subiri. Baka lililotokea Agosti lipimwe tena Mei inayofuata. Moto wa nyasi utakuwa umesahaulika, na shamba litakuwa na mahindi au ufuta, au mabua. Likiwa chini kwa misimu miwili mfululizo, hapo nakubali kuna jambo. Najua wakubwa wanataka takwimu za robo mwaka. Miombo haina robo mwaka.

Kuna hitilafu ya upande wa pili ambayo haisemwi sana kwa sababu haimuumizi mtu: msitu kuzidi. Mikorosho ya Mtwara na Lindi haipukutiki kama miombo, kwa hiyo kwenye picha ya Septemba shamba la korosho ndilo kijani pekee kilichobaki, na kompyuta inaliita msitu mnene. Mtu akifyeka miombo na kupanda mikorosho, baada ya miaka kumi ramani itasema amehifadhi. Tazama picha yenye pikseli ndogo: mikorosho ya shamba kubwa imekaa kwa mistari, na miombo haijui mstari. Mikarafuu ya Pemba na minazi iliyochanganyika na miembe vina tatizo hilo hilo, na hapo hata mistari haisaidii sana. Mitiki ya bonde la Kilombero ni kinyume chake, inapukutika kiangazi kama miombo. Na kule Sao Hill, Mufindi, misindano inavunwa na kupandwa tena. Kwenye ramani za upotevu wa miti kila uvunaji ni doa jekundu, ingawa ni zao kama mazao mengine. Chora mipaka ya mashamba ya miti uyaweke pembeni kabla ya kuhesabu chochote.

Dalili: mikoko inaonekana na kutoweka

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko delta nyingine yoyote ya Afrika Mashariki, na ndiyo imenipotezea usiku mwingi kuliko mahali pengine popote. Unaweka picha mbili za mwezi mmoja, na ukingo wa upande wa bahari umebadilika kwa upana wa pikseli kadhaa. Nani amekata mikoko yote hiyo kwa siku kumi?

Hajakata mtu. Maji yamejaa.

Sentinel-2 na Landsat hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, siku zote saa hizo hizo. Sasa muulize mama yeyote anayelima mwani Paje au Jambiani, Unguja, anaingia baharini saa ngapi siku za bamvua. Atakwambia asubuhi ya saa nne, saa tano, kwa sababu hapo ndipo maji yamekupwa kabisa. Kwenye pwani yetu mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, kupwa kukubwa huangukia saa hizo. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yanakaribia kujaa, ingawa si mjao mkubwa. Maana yake ni kwamba picha ya bamvua inaonyesha tope, mizizi na miche yote, na picha ya maji mafu imefunika vyote hivyo kwa maji. Tofauti ya siku saba, na ukingo wote umehama.

Ubaya zaidi umo kwenye hesabu ya siku. Mzunguko kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14.77 hivi. Landsat moja hurudi kila baada ya siku 16, kwa hiyo kila safari inachelewa siku moja na robo dhidi ya mwezi. Picha zako zitaanza na bamvua, zitateleza taratibu hadi maji mafu, kisha zitarudi. Mzunguko wote unachukua zaidi kidogo ya miezi sita. Ukichora mstari utaona mikoko inapanda na kushuka karibu mara mbili kwa mwaka, na utashawishika kuuita msimu. Sentinel-2 hurudi kila siku 5, na safari tatu ni siku 15, kwa hiyo kila picha ya tatu inakuja na hali ya maji inayokaribiana. Hapo unaweza kufaidika: chagua kundi moja katika yale matatu.

Ninachofanya ni kuandika umri wa mwezi kwenye kila picha, na kutumia zile tu zilizopigwa ndani ya siku mbili za bamvua. Nabaki na chache, lakini zinasema lugha moja. Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha kwa kazi hii: kuanzia mwezi mosi na kuanzia mwezi kumi na tano.

Maji yakishaondolewa kwenye mashtaka, linabaki jambo la kweli, nalo ni mpunga. Upande wa kaskazini wa delta watu wamekuwa wakifyeka mikoko na kupanda mpunga, hasa tangu mto ulipoelekeza maji baridi mengi zaidi upande huo mwishoni mwa miaka ya 1970. Shamba la mpunga lina alama yake: linaanza kama maji meusi, linakuwa kijani kikali, kisha linaishia rangi ya mabua, yote ndani ya msimu mmoja. Mikoko haina mbio hizo. Mstari wa mwaka mzima unatosha kuvitenga, na picha moja haitoshi hata iwe safi vipi. Kumbuka pia kwamba mashamba hayo huachwa baada ya miaka kadhaa na miti ikarudi. Ukilinganisha 1995 na 2020 tu, mahali palipofyekwa 2001 na kurudi 2018 hapatoonekana kabisa.

Maji mengine yanayowachanganya watu ni ya juu zaidi kwenye mto huo huo. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Eneo kubwa lililokuwa na miti sasa ni maji. Hapo msitu umepotea kweli, ila ukiwa na makundi ya "msitu" na "ardhi tupu" peke yake, kompyuta italitupa bwawa popote, hata kwenye kivuli cha mawingu. Ongeza kundi la maji.

Dalili: Uluguru ina mabaka meusi yanayohama

Upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, Udzungwa na Usambara unapokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mawingu hukaa pale kama yana hati ya kiwanja. Kuna mwaka nilipekua picha zote za miezi minne nikapata nusu ukurasa wa mlima. Dawa ni kukusanya picha za mwaka mzima, au za miaka miwili, na kuchukua thamani ya kati ya kila pikseli. Kabla hujaiamini, hesabu kila pikseli imepata picha safi ngapi. Pikseli yenye picha kumi na tano na pikseli yenye picha mbili zinakaa jirani kwenye ramani kwa heshima sawa, na ile ya picha mbili ndiyo itakayokuumbua.

Mabaka meusi yakikaa kwenye miteremko inayotazama kusini-magharibi, hayo ni vivuli vya mlima wenyewe. Mwezi Juni jua la asubuhi lipo kaskazini-mashariki, kwa hiyo upande wa nyuma unabaki gizani. Desemba jua linatoka kusini-mashariki na giza linahamia miteremko ya kaskazini-magharibi. Ukilinganisha Juni na Desemba umepima safari ya jua. Mwezi ule ule kila mwaka unatibu sehemu kubwa. Masahihisho ya mwinuko kwa kutumia SRTM, modeli ya urefu wa ardhi, yanatibu iliyobaki, isipokuwa kwenye makorongo marefu, ambayo mimi nayaondoa na kusema wazi nimeyaondoa.

Dalili: mji unakua lakini ramani haioni

Mabati mapya. Kichujio cha mawingu kinachokuja na picha za Sentinel-2 huona kitu cheupe kinachong'aa na kukiita wingu, kwa hiyo kinafuta hasa zile nyumba mpya unazozitafuta. Mchanga mweupe wa fukwe nao hufutwa hivyo. Wingu halikai mahali pamoja mwaka mzima: pikseli iliyoitwa wingu kwenye zaidi ya nusu ya picha za kiangazi ni paa.

Dalili: mistari ya mshazari

Ni Landsat 7. Kifaa chake cha kunyoosha mistari kiliharibika tarehe 31 Mei 2003, na tangu hapo kila picha yake ilikosa karibu asilimia 22. Ziba kwa picha za tarehe nyingine, na usiziache programu zikubashirie katikati ya pengo halafu ukahesabu ubashiri huo kama hekta.

Dalili: rada inasema kila mahali pamebadilika

Watu wakichoshwa na mawingu wanakimbilia rada ya Sentinel-1, na wanafanya vizuri, kwa sababu rada inapenya wingu. Haipenyi kutojua. Mvua ikinyesha usiku, udongo wenye maji hurudisha mawimbi kwa nguvu, na shamba tupu linaonekana kama limeota kichaka. Tazama mvua ya siku mbili kabla ya kila picha. Pili, usichanganye picha zilizopigwa setilaiti ikipanda kuelekea kaskazini na zile zilizopigwa ikishuka. Kwenye vilima kila upande una vivuli vyake na utajikuta unachora vilima upya. Tatu, Sentinel-1B iliharibika tarehe 23 Desemba 2021, hivyo baada ya hapo picha zilipungua. Ukiona matukio "yamepungua" 2022, hesabu picha kwanza.

Mawimbi yake ni ya sentimita tano na nusu hivi, yanaishia kwenye majani na vitawi vya juu. Kwa vigogo unahitaji mawimbi marefu ya bendi ya L, sentimita 24 hivi, kama ya setilaiti za Kijapani za ALOS.

Dalili: ramani yako haikubaliani na ya wenzako

Hapa mara nyingi hakuna aliyekosea. Tanzania inaita msitu eneo la angalau nusu hekta, lenye miti ya kufikia mita 3 na kivuli cha asilimia 10. Kenya inataka asilimia 15 lakini inaridhika na mita 2. FAO inataka asilimia 10 na mita 5. Simama Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, uitazame miti ileile: upande mmoja ni msitu, upande wa pili ni kichaka, na mti haujahama. Ramani ya dunia ya Chuo Kikuu cha Maryland, iliyotolewa 2013 na kuendelezwa kila mwaka, inahesabu mimea inayozidi mita 5, na inachohesabu ni kupotea kwa miti, iwe ni msitu wa hifadhi au misindano iliyovunwa. Mbinu zake pia zimeboreshwa kwa miaka ya baada ya 2010, kwa hiyo ongezeko kati ya muongo wa kwanza na wa pili lina sehemu ya macho kuona vizuri zaidi. Kuisoma kama "ufyekaji wa misitu Tanzania" bila maneno hayo ni kumwonea mtu.

Nusu hekta ni pikseli tano na nusu hivi za Landsat, au 50 za Sentinel-2. Vipande vidogo kuliko hapo vichuje kwenye ramani zote mbili kabla ya kuzilinganisha.

Dalili: msitu upo kwenye ramani, magunia yapo barabarani

Hili ndilo gumu kuliko yote, na sina dawa kamili. Mchoma mkaa hafyeki. Anachagua miti mizuri, anaipanga, anafunika tanuri kwa udongo, na anahama. Pengo aliloacha ni la mita kumi au ishirini, nyasi na machipukizi vinalijaza masika yajayo, na NDVI inarudi palepale. Miaka mitano baadaye msitu ni kijani vilevile, ila miti minene haimo. Picha za kampuni ya setilaiti ya Planet zilizolipiwa na Norway kuanzia 2020, zenye pikseli chini ya mita 5, zimenisaidia kuona madoa meusi ya matanuri, nami nayahesabu kwa macho, moja moja, nikifuata njia za pikipiki. Ni kazi ya kuchosha lakini inasema zaidi kuliko kielezo chochote nilichojaribu. Ramani ikisema "hakuna mabadiliko" mahali kama hapo, andika kwamba haiwezi kuona aina hiyo ya mabadiliko.

Dalili: jumla ya hekta haiingii akilini

Kosa la kwanza ni kutengeneza ramani ya 2010, kutengeneza ya 2020, na kutoa moja kwenye nyingine. Kila moja ikiwa sahihi kwa asilimia 85, na makosa yao hayahusiani, usahihi wa tofauti yao ni 0.85 mara 0.85, yaani asilimia 72. Kama mabadiliko ya kweli ni asilimia 2 ya eneo, makosa yameyameza. Ainisha mabadiliko yenyewe kwa kutumia picha zote kwa pamoja.

Kosa la pili ni kuhesabu pikseli nyekundu na kuzidisha kwa 0.09, hekta za pikseli moja ya Landsat. Tuchukulie wilaya ya hekta 400,000, ramani ikionyesha hekta 4,000 zimefyekwa. Unachagua nukta 100 ndani ya hizo nyekundu, unazikagua moja moja kwenye picha kali, unakuta 70 ni kweli: hekta 2,800. Halafu unachagua nukta 600 kwenye hekta 396,000 zilizobaki, unakuta 6 zimefyekwa na ramani haikuziona. Sita kwa mia sita ni asilimia 1, na asilimia 1 ya 396,000 ni hekta 3,960. Jumla yako ni 6,760, si 4,000. Zile nukta sita zina uzito kuliko nyekundu zote, na ndiyo sababu watu hawapendi kuzitafuta. Ziandikie na ukingo wa makosa, maana nukta sita zingeweza kuwa tatu au kumi.

Kisha uende kijijini. Usiulize "hapa pamefyekwa mwaka gani", kwa sababu watu hawahifadhi miaka hivyo. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, kabla au baada ya barabara kutiwa lami, mtoto yupi alikuwa darasa la ngapi. Nenda na picha isiyochorwa kitu, waoneshe mto na shule kwanza, waache waelekeze kidole wenyewe. Na ukijibiwa, "Hapo, mwanangu, hapajawahi kuwa na msitu," kunja karatasi, washukuru, urudi mwanzo kabisa kwenye jina la faili.